Keja Haina Jua? Hivi Ndivyo Unaweza Kulima Letusi Ndani ya Tenti Bila Kuteketeza Doo ya Rent

Wacha tuanze na ile kitu kila mtu anafikiria lakini hasemi.

Tenti nyeusi kwa kona ya bedsitter. Ndani kuna taa inawaka masaa 16 kwa siku. Feni inavuma polepole, kuna waya, kuna maji, na mwenye keja hapendi wageni waifungue zipu. Caretaker akiona hiyo kitu hatawaza mboga hata kidogo. Atawaza ile majani ingine, ile inaweza kukupeleka Industrial Area ukalale huko.

Tulia. Leo tunaongea kuhusu letusi, rehani na spinachi. Bangi bado ni haramu Kenya na haiko kwa hii story. Lakini hiyo teknolojia ya tenti, taa na maji ni halali kabisa, na wasee wengi wa Nairobi wameanza kuuliza kama inaweza kuwatoa kwa shida mbili: mboga ambazo hujui zimemwagiliwa na maji gani, na keja ambayo jua haijawahi kuingia tangu ploti ijengwe.

Hapa utapata namna ya kuiweka hatua kwa hatua. Utapata pia kitu ambacho wauzaji wa hizi vifaa hawapendi kukuambia: hesabu ya stima. Ukisoma hii article nusu, soma hiyo nusu ya hesabu.

Hii haidroponiki ni nini kwa lugha ya mtaa?

Mmea hauli udongo. Mmea unahitaji maji, hewa, mwanga na madini. Udongo kazi yake ni kushikilia mizizi na kuhifadhi hayo madini. Sasa ukiyaweka madini moja kwa moja ndani ya maji, na ushikilie mmea usianguke, udongo unaweza kupumzika. Hiyo ndiyo haidroponiki. Hakuna uchawi.

Kuna njia nyingi za kuifanya. Zingine ziko na pampu na mabomba kama ya hospitali. Sisi tutatumia ile rahisi kabisa inaitwa Kratky, jina la Bernard Kratky, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliyeisambaza. Hii haina pampu. Unajaza kontena maji yenye mbolea, unaning'iniza mmea juu, mizizi inazama. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na ile nafasi inayobaki katikati ya kifuniko na maji inajaa hewa yenye unyevu. Mizizi ya juu inapumua, ya chini inakunywa.

Uzuri wake kwa sisi Wakenya unajulikana: stima ikipotea masaa tano, hakuna kitu kinakufa. Mwenye pampu anakimbia kutafuta jenereta, wewe unaendelea kulala.

Unahitaji tenti kweli, ama unapenda tu vitu mpya?

Kazi ya tenti ni moja kubwa: kufungia mwanga ndani. Kuta zake za ndani zinang'aa kama karatasi ya fedha, kwa hivyo mwanga wa taa haupotei ukutani, unarudi kwa majani. Pia inazuia vumbi, inzi weupe, na yule mtoto wa jirani mwenye mikono haitulii.

Kama uko na balkoni inayopata jua masaa matano ama sita, ama landilodi amekubali utumie rooftop, ongea na Mungu umshukuru kwanza. Wewe hauhitaji tenti ya kukuzia. Nairobi iko karibu na ikweta, mchana wetu ni masaa 12 mwaka mzima, na juu ya mwinuko hali ya hewa ni baridi kiasi, vile letusi inapenda. Jua ni bure.

Lakini kama unaishi Pipeline, ama zile ploti za Zimmerman na Githurai ambapo dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani na unawasha taa saa sita mchana ndio uone sufuria, basi tenti inaanza kuingia akilini.

Hesabu kwanza, tenti baadaye

Tenti ndogo ya kawaida ni sentimita 60 kwa 60, urefu karibu 140. Kwa hiyo nafasi, taa ya LED inayokula wati 60 inatosha letusi. Angalia vizuri hapo nimesema *inayokula*. Taa nyingi za bei ya chini zimeandikwa 1000W kwa boksi, lakini ukisoma maandishi madogo unakuta zinavuta wati 60 ama 100 kutoka ukutani. Hiyo namba ndogo ndiyo ya ukweli, na ndiyo tokeni zako zitajua.

Wati 60 mara masaa 16 ni 960. Hiyo ni karibu uniti moja kwa siku, yaani uniti 29 kwa mwezi. Ongeza feni ndogo ya wati 10 kwa hayo masaa, hapo ni kama uniti tano. Jumla uniti 34.

Tuseme uniti moja inakuja shilingi 30 ukiweka kodi na zile makato zingine. Weka bei yako ukitaka, soma tu risiti ya tokeni ya mwisho ugawanye. Kwa yetu, 34 mara 30 ni shilingi 1,020 kila mwezi.

Na kuna mtego. Bei ya stima ya nyumbani inapanda kwa bendi. Kama saa hii unatumia chini ya uniti 30 kwa mwezi, uko kwa bendi ya bei rahisi. Taa ya tenti itakutoa hapo, na hata zile uniti za kuchaji simu na kuwasha tivii zitakuja na bei mpya.

Sasa mavuno. Kontena moja ya letusi sita, inayovunwa kila baada ya wiki nne ama tano. Tuseme letusi moja ni shilingi 80. Sita ni 480.

Umeiona? Unatumia 1,020 ya stima kupata letusi za 480. Na hatujahesabu mbolea, mbegu, wala ile doo ulinunulia tenti.

Hii ndiyo sababu nakuambia mapema: ukisikia mtu kwa mtandao anasema tenti moja kwa keja itakuomoa, kimbia. Wakenya tushaonyeshwa hii movie. Kumbuka kware, miaka ya 2013 na 2014, watu walichukua loan wakajenga vibanda, kila mtu akawa na mayai, mwishowe bei ikaanguka na wakabaki wakila kware wenyewe. Usichukue loan ya simu kununua tenti. Usiguse rent.

Sasa inalipa aje?

Kuna njia tatu ambazo hesabu inakubali.

Ya kwanza: tumia tenti kama nasari peke yake. Miche inahitaji nafasi ndogo na mwanga kidogo. Taa ya wati 25 kwa masaa 16 inakula uniti 12 kwa mwezi, kama shilingi 360. Hapo unakuza miche ya kujaza kontena mbili za balkoni ama za rooftop, letusi 12 kwa mwezi. Kwa ile bei yetu ya 80, hiyo ni 960. Toa stima, unabaki na 600 ya kulipia mbolea na mbegu, na kitu kidogo juu. Si utajiri, lakini haikuli.

Ya pili: kama hauna jua popote, lima vitu ambavyo vinauzwa kidogo kidogo kwa bei kali. Rehani, mnanaa na roketi. Unajua vile supermarket inakuuzia kapaketi kadogo ka majani kama ka dawa? Rehani unakata juu, inatoa matawi mengine mawili. Mmea mmoja unakulisha wiki nyingi.

Ya tatu: kubali kwamba ni hobi. Watu wanalipia mechi na vinyweleo, wewe unalipia mboga safi unayojua ilikunywa nini. Hakuna makosa. Bora tu ujue unalipa, usidhani unapata faida.

Bado uko na sisi? Poa. Tuijenge.

Vitu vya kutafuta

Tenti ya 60 kwa 60. Zinauzwa mtandaoni, lakini kuna njia ya msee wa msoto: ile wardrobe ya kitambaa yenye vyuma, iliyokufa zipu ukaitupa juu ya kabati. Funika ndani na karatasi ya fedha ama kitambaa cheupe kabisa, vyuma vishikilie taa. Hakikisha taa haigusi kitambaa.

Taa ya LED ya mwanga mweupe. Usinunue ile ya zambarau. Mmea hautalalamika, lakini mwanga wa zambarau ukitokea kwa pazia usiku, ploti nzima itakuwa na maswali.

Taima ya soketi. Usiseme utawasha na kuzima mwenyewe. Utasahau siku ya tatu.

Feni ndogo, hata ile ya USB.

Kontena ya plastiki yenye kifuniko, lita 40 hivi, isiyopitisha mwanga. Kama inapitisha, ipake rangi nyeusi kwa nje halafu nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga, nyeupe inazuia joto. Ama uifunge na karatasi ya fedha ya jikoni. Mwanga ukifika kwa maji, mwani wa kijani utaota na kuanza kula mbolea ya mimea yako.

Vikombe sita vya yoghurt. Vioshe, vitoboe matundu mengi chini na pande zote kwa msumari moto.

Sponji mpya, ile ya kawaida isiyo na sabuni. Kata vipande vya sentimita mbili na nusu.

Mbolea ya haidroponiki yenye sehemu mbili, A na B, kutoka agrovet. Na matone ama karatasi za kupima pH. Ukijiweza ongeza mita ya EC, inayokuonyesha nguvu ya mbolea ndani ya maji.

Mbegu. Anza na letusi. Inakomaa haraka na inasamehe.

Hatua ya 1: Chagua kona

Lita 40 za maji ni kilo 40. Usiiweke juu ya stuli ama meza ya vibao. Iweke chini, mbali na jiko, karibu na soketi lakini soketi iwe juu kuliko maji.

Waya zote zishuke chini kwanza halafu zipande hadi kwa soketi. Maji yakiteleza kwa waya yatadondoka pale chini badala ya kuingia ndani ya soketi. Ekstensheni usiilaze sakafuni. Ifunge kwa ukuta ama kwa mguu wa kitanda. Na kama stima ya ploti yenu ni ya sambaza, hii mradi wacha kabisa. Maji na stima ya sambaza ndani ya chumba kimoja ni kuitisha kifo.

Pia ongea na caretaker mapema. Mwonyeshe mbegu. Mpe letusi ya kwanza. Na kama mita ya stima mnashare na majirani, maliza hiyo story kabla hujawasha, kwa sababu mwisho wa mwezi itamalizwa kwa kelele.

Hatua ya 2: Anzisha miche

Lowesha vipande vya sponji, viweke kwa sahani. Kata alama ndogo juu ya kila kipande, weka mbegu mbili. Usizizamishe sana, mbegu ya letusi inapenda kuona mwanga.

Joto ni muhimu hapa. Letusi inaota vizuri kwa nyuzi 18 hadi 21. Ikifika karibu 30, mbegu inaweza kukataa kabisa kuamka. Kwa Nairobi hauna shida. Kama uko Mombasa ama Kisumu, weka sahani mahali pa baridi zaidi kwa nyumba.

Siku ya pili hadi ya nne utaona kijani. Siku hiyo hiyo weka chini ya taa. Hapa ndipo mimi niliua batch yangu ya kwanza: niliacha miche juu ya friji siku tatu zaidi, nikakuta imekuwa mirefu kama twiga, mashina membamba, yote imelala. Mche ukikosa mwanga unajinyoosha kuutafuta, na ukishajinyoosha haurudi.

Wiki ya kwanza wape maji matupu. Majani ya kweli yakianza kutokea, yaani yale yanayofuata yale mawili ya kwanza, wape mbolea nyepesi, nusu ya kipimo. Kila sponji ikiwa na miche miwili, kata mmoja na makasi. Inauma, lakini kata.

Hatua ya 3: Tengeneza kontena

Toboa kifuniko mashimo sita, mistari miwili ya matatu, kila shimo kama sentimita 18 kutoka kwa lingine. Shimo liwe dogo kidogo kuliko mdomo wa kikombe ndio kikombe kisianguke ndani. Kama hauna drili, fundi wa jua kali atakufanyia kwa dakika kumi.

Ndani ya tenti ya 60 kwa 60, kontena itaingia na nafasi nyembamba itabaki kando. Hapo ndipo sahani ya miche inayofuata itakaa. Hautakuwa na wiki ya kungoja bure.

Hatua ya 4: Changanya maji

Maji ya kaunti ya Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, na ni laini. Hiyo ni bahati. Yaache wazi kwa ndoo usiku mzima ndio harufu ya klorini ipungue.

Maji ya borehole ni story tofauti. Mengi ya Nairobi yana chumvichumvi na pH ya juu, na mengine yana floraidi nyingi. Ukiyatumia, pima pH mara kwa mara juu itakuwa inapanda tena na tena. Kama kuna njia ya kukinga maji ya mvua, chukua hayo.

Sasa mbolea. Sikiza vizuri: A na B hazikutani zikiwa kali. Jaza maji kontena kwanza. Weka A, koroga mpaka ipotee. Halafu weka B, koroga. A iko na kalsiamu. B iko na fosfeti na salfeti. Zikikutana zikiwa kali zinashikana na kuwa unga mweupe kama chokaa unaokaa chini, na mmea hauwezi kula huo unga. Umelipia mbolea ya kupaka ukuta.

Fuata kipimo cha kwenye pakiti. Kama uko na mita, letusi kubwa inapenda EC ya 1.2 hadi 1.6, na miche nusu ya hiyo.

Na usijaribu DAP ya shambani ama urea. Hizo zinategemea bakteria wa kwenye udongo kuzibadilisha. Kwa ndoo yako hao bakteria hawako wa kutosha, na mizizi itaungua.

Mwisho pima pH. Letusi inataka 5.5 hadi 6.5. Ikiwa juu, mmea utakuwa na njaa chakula kikiwa mbele yake, kwa sababu madini kama chuma hayaingii. Shusha na ile dawa ya kushusha pH ya agrovet, tone kwa tone. Ndimu inafanya kazi siku moja mbili, halafu pH inarudi juu. Maji ya betri ya gari usiguse. Yatakuchoma na yanaweza kuwa na madini ya sumu, na hii ni kitu utakula.

Hatua ya 5: Hamisha miche

Siku ya 10 hadi 14, mche ukiwa na majani ya kweli matatu ama manne na mizizi imetokea chini ya sponji, weka sponji ndani ya kikombe, kikombe ndani ya shimo.

Siku ya kwanza maji lazima yaguse chini ya kikombe, kama sentimita moja. Mizizi bado ni mifupi na haiwezi kurukia.

Taa iwe juu ya mimea kwa sentimita 40 hivi. Majani yakijikunja na kupauka, ipandishe. Mimea ikijinyoosha, ishushe. Taima iwashe saa kumi na moja alfajiri, izime saa tatu usiku. Mmea unapata masaa yake 16 na wewe unapata giza lako la kulala.

Feni ivume kwa upole, majani yacheze kidogo. Hii si ya urembo. Hewa ikisimama ndani ya tenti, majani machanga ya katikati hayavuti kalsiamu ya kutosha na kingo zake zinageuka kahawia kama zimechomwa na pasi. Wengi wanadhani ni ugonjwa wananunua dawa. Dawa ni feni.

Hatua ya 6: Wacha kuishika

Hii ndiyo ngumu kuliko zote.

Baada ya wiki moja utafungua kifuniko uone maji yameshuka. Roho itakuambia ujaze hadi juu. Usijaze!

Ile mizizi ya juu iliyobaki wazi imeshageuka kuwa ya kuvuta hewa. Ni mifupi, mieupe, ina manyoya kidogo. Ukiizamisha tena, inakosa oksijeni, na mmea uliokuwa unapepea unalala siku moja. Letusi moja inahitaji kama lita nne mpaka ivunwe. Sita ni lita 24. Kontena ya lita 40 inawatosha kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama yameshuka sana, ongeza kidogo tu, mizizi ya chini ifikiwe na ya juu ibaki kwa hewa.

Spinachi na sukuma ni tofauti kidogo. Hizo zinakaa miezi, kwa hivyo zinakunywa sana. Kwa hizo ongeza pampu ya hewa ya samaki na jiwe lake la kutoa mapovu, hapo unaweza kujaza bila woga.

Kitu ikienda mrama

Majani ya chini yanageuka manjano: mbolea imepungua.

Majani ya juu ni manjano lakini mishipa imebaki kijani: pima pH, pengine imepanda na chuma hakiingii.

Mizizi imekuwa kahawia, inateleza na kunuka: imeoza. Mara nyingi ni maji ya moto. Maji yakae nyuzi 18 hadi 22. Kwa watu wa Pwani, weka chupa ya maji ya barafu ndani ya kontena mchana, na taa iwake usiku badala ya mchana. Batch iliyooza tupa, osha kontena na jik, suuza vizuri, anza upya.

Vijidudu vidogo vya kijani chini ya majani: ni vidukari. Panguza na maji ya sabuni kidogo, suuza. Usipige dawa kali ndani ya chumba unacholala.

Maji ya zamani usimwage kwa choo. Yana mbolea bado. Peleka kwa maua ya ploti ama ule mti wa parachichi wa jirani.

Siku ya kuvuna

Wiki ya tano hadi ya saba kutoka mbegu, letusi iko tayari. Unaweza kung'oa yote, ama ukate majani ya nje na uache moyo uendelee. Ukikata ya nje, kontena moja inakulisha wiki mbili tatu zaidi, na ile hesabu yetu ya stima inaanza kutabasamu.

Kula siku hiyo hiyo. Osha hata kama hakuna udongo. Utashangaa venye inaliwa ikiwa na kelele mdomoni.

Halafu kaa chini na daftari. Andika uniti ulizotumia, mbolea uliyomaliza, na vitu ulivyovuna kwa bei ya mama mboga wako wa kona. Kama daftari linasema unapoteza, hamishia kontena kwa jua na tenti ibaki ya miche. Kama hauna jua, badilisha letusi na rehani. Kama bado inapoteza na roho yako inafurahi, endelea, ni doo yako.

Lakini usinunue tenti ya pili kabla ya daftari la kwanza kukubali. Wengi wanaanguka hapo. Batch moja inatoka fiti, msee anawasha taa nne, na mwezi unaofuata anatafuta pesa ya tokeni kwa majirani, mboga ikiwa imejaa kwa keja na hakuna mtu wa kununua.

Ukitaka kujaribu bila kutoa doo nyingi, anza wikendi hii na chupa moja ya lita tano, mche mmoja, na dirisha lenye mwanga zaidi kwa nyumba yako. Ifunge gazeti maji yasione mwanga. Ukifikisha huo mche mmoja kwa sahani, utakuwa umejifunza asilimia kubwa ya hii kazi kwa bei ya soda. Ukiua, pia umejifunza, na rent yako bado iko mfukoni.